Sukari imepanda, lakini si kisukari bado: maswali kutoka Lubumbashi

Labo wameniandikia 112, muuguzi anasema si kisukari. Sasa ni nini?

Kama ulikaa saa 8 bila kula, ukanywa maji matupu tu, basi uko katika hatua ya kabla ya kisukari. Kwa mtu mzima, chini ya 100 mg/dl ni sawa. 100 hadi 125 ndiyo hatua hiyo. 126 na kuendelea, kipimo cha pili kikithibitisha, ni kisukari chenyewe. Lakini kama ulikula vitumbua njiani, namba hiyo haisomwi hivyo. Rudi ukapimwe upya.

Kipimo kingine ni hemoglobini glike, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3. Hapo hatua ya kabla ya kisukari ni asilimia 5.7 hadi 6.4. Mwenye SS (selimundu) au upungufu wa damu amwambie daktari mapema, maana kinaweza kutoa jibu la uongo.

Mbona sijisikii mgonjwa?

Wengi hawasikii chochote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Insulini, inayoshusha sukari ya damu, ipo, ila mwili hauiitikii vizuri. Kongosho, linaloitengeneza, linazidisha kazi mpaka linachoka. Wakati huo moyo, mishipa ya damu na figo vinaweza kuanza kuumia, hasa kama presha nayo iko juu.

Tazama nyuma ya shingo. Ngozi ikiwa nyeusi na nene kuliko kwingine, wengi huisugua wakidhani ni uchafu. Acha kusugua, kapime. Kapime pia kama mzazi au ndugu yako ana kisukari, kama tumbo limetoka, au kama sukari yako iliwahi kupanda ukiwa na mimba.

Niache bukari (ugali)?

Hapana, mama. Ila tukila wengi kwenye sahani moja, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Jipakulie yako: nusu iwe lengalenga, matembele au sombe isiyoogelea mafuta, robo bukari, robo samaki au maharage.

Vinywaji ndivyo ningeanza navyo. Soda ya 33 cl ina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Munkoyo tunaisamehe kwa sababu ni yetu, lakini ikishatiwa sukari ni yale yale.

Kuna dawa?

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulifuata watu zaidi ya 3,000 kwa karibu miaka 3. Waliobadilisha chakula wakilenga kupunguza uzito kwa asilimia 7, na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliomeza metformini, dawa ya kushusha sukari, ilishuka kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, hizo asilimia 7 za uzito ni kilo 5 na nusu hivi. Dakika nazo ni nusu saa, siku 5: ukitoka mjini kurudi Katuba, shuka kwenye teksi-basi mapema, umalizie kwa miguu, haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba.

Metformini inawafaa baadhi. Daktari ndiye aamue. Maji ya mizizi ya "kusafisha sukari" usiyategemee, mengine yanaumiza figo.

Nirudi labo lini?

Kila mwaka. Ila kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku au kukonda bila sababu vikianza, nenda wiki hiyo hiyo.