"Si Nakuru Kuna Jua?" Dhana Potofu Kuhusu Kizimba cha Boa

Asubuhi moja ya Julai nilifungua chumba cha nyoka nikapokewa na harufu. Aliyewahi kutunza nyoka anaijua: harufu ya nyama iliyoanza kuoza kabla ya kusagika. Chini ya tawi la mpera palikuwa na panya mzima, manyoya yamelowa na kushikana, kichwa ndicho pekee kilichokuwa kimeanza kulainika. Nasimiyu, boa wetu wa kike aliyekuwa na miezi 14, alikuwa amejikunja kwenye kona, mwili wake baridi kama bomba la maji. Stima ilipotea saa nne usiku, siku ya pili tangu ale, nami nikalala nikijiambia kuwa Nakuru kuna jua na chumba kitashika joto mpaka kuche.

Kosa lilikuwa langu. Lilitokana na maneno niliyoyasikia mara nyingi hadi nikayaamini, na hayo ndiyo ninayotaka kuyachambua hapa, kwa sababu bado nayasikia kila wiki kutoka kwa wageni, na hata kwa watu wenye nyoka zao.

"Boa ni chatu tu"

Hapana. Chatu wa Afrika ni mwenyeji wetu na hutaga mayai. Boa ninayemzungumzia hapa asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na huzaa watoto walio hai. Kenya ina boa wake mdogo wa mchangani, anayeishi sehemu kavu za kaskazini na mashariki, lakini huyo ni nadra kufika mita moja na maisha yake ni mengine kabisa. Wageni wanaotoka Nyakach, kando ya Ziwa Victoria, wakimwona Nasimiyu humkumbuka Omieri, yule chatu aliyeaminiwa kuleta mvua, aliyeungua kwa moto mwaka 1987 akapelekwa Nairobi kutibiwa. Mama mmoja alisimama mbele ya kioo kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu naye huleta mvua?" Nilimweleza kwa heshima kwamba huyu ni mgeni kutoka ng'ambo.

Kabla ya mengine yote, jambo la sheria. Kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na boa wako pia kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama kuvuka mipaka. Anza na ofisi ya KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Ukimnunua nyoka kwanza ukaenda kuuliza baadaye, umeshachelewa.

"Nchi yetu ni ya joto, hita ya nini?"

Hii ndiyo iliyoniponza. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua hukuchoma shingo, lakini usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Kisumu, iliyo chini yetu kwa zaidi ya mita 700, ina usiku wa nyuzi 17 au 18, na hata huko boa bado anahitaji msaada. Anachotaka ni sehemu ya kuota joto yenye nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili wenye nyuzi 25 hadi 27, na usiku usioshuka chini ya nyuzi 22 hivi.

Sisi hutengeneza joto la mwili kutokana na chakula. Nyoka hulichukua nje. Asipolipata, tumbo lake halisagi chakula, na mnyama aliyemmeza mzima huanza kuoza ndani yake. Hapo hulazimika kumtapika. Akikaa kwenye baridi kwa siku nyingi, mapafu nayo hushambuliwa: utaona mapovu puani, utasikia mluzi mwembamba anapovuta pumzi, utamkuta ameinua kichwa juu ili apumue. Ukiona hayo, tafuta daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Jambo kubwa ni kuwa na pande mbili. Watu wengi hupasha kizimba kizima joto moja, wakidhani wamemtendea wema. Boa hushinda akihama: anaota, anashiba joto, anaenda kupoa, anarudi. Ukimpa joto moja kila mahali umemnyang'anya njia yake pekee ya kujitunza.

Na stima ikipotea? Siku hizi nina chupa za plastiki za lita mbili, birika la gesi na blanketi nzito. Maji ya moto hutiwa kwenye chupa, chupa hufungwa kwa taulo mbili, huwekwa upande wa joto, kisha kizimba hufunikwa pasipo kuziba matundu ya hewa. Nabadilisha maji kila baada ya saa chache. Nyoka mwenye tumbo tupu huvumilia usiku mmoja wa baridi kiasi bila shida kubwa. Mwenye panya tumboni ndiye anayekufanya uamke. Kwa hiyo wiki ambayo stima inapotea-potea, silishi kabisa.

Baada ya ile Julai nilimwacha Nasimiyu siku 14 bila chakula, nikampa maji safi na joto la kutosha, ndipo nikaanza tena na panya mdogo kuliko wa kawaida. Ukimlisha haraka baada ya kutapika, atatapika tena, na safari hii atadhoofika.

"Basi mwanike juani"

Wapo wanaochukua sanduku la kioo na kuliweka kwenye veranda saa sita mchana. Kioo huingiza jua na kufungia joto ndani, na nyoka hana pa kukimbilia. Dakika chache zinatosha kumuua. Nimeliona hili likitokea kwa kobe, sitaki kuliona kwa nyoka.

"Jiwe la umeme linatosha"

Yapo mawe bandia yenye waya ndani, huuzwa kwa ajili ya mijusi na nyoka. Siyataki. Boa anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza na asiondoke, hasa kama hewa inayomzunguka ni baridi. Tumbo huungua polepole, magamba hugeuka rangi ya kahawia, halafu hutoka malengelenge. Jua la porini hutoka juu, na joto la kizimba lafaa litoke juu pia. Mimi hutumia balbu ya kawaida mchana na balbu ya kauri isiyotoa mwanga usiku, zote ndani ya kikapu cha waya ili nyoka asijizungushie. Balbu nyekundu za usiku sizitumii. Ule usemi kwamba nyoka haoni taa nyekundu haujanishawishi, na giza ni haki yake.

Kila hita ipitie kwenye thamostati, kidhibiti kinachozima na kuwasha hita ili joto lisipite kiwango. Kifaa hiki ndicho watu hukiruka kwa sababu ya bei, nami nasema afadhali upunguze gharama kwenye mapambo. Kisha weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande, karibu na mahali nyoka anapolala. Kile kilichobandikwa juu ya kioo kinapima kioo.

"Nyoka hukua kulingana na sanduku lake"

Hakuna ukweli hapa. Boa hukua kulingana na chakula, jinsia na ukoo wake. Sanduku dogo humletea unene, misuli legevu na vidonda vya pua kwa kusukuma kona usiku kucha. Mtoto wa boa huzaliwa akiwa na nusu mita hivi. Jike mzima mara nyingi hufika mita mbili na zaidi.

Kuna dhana pacha yake inayosema kizimba kikubwa humtisha nyoka mdogo. Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana imedumu. Boa mchanga ukimweka kwenye uwanja mtupu atajificha na kukataa kula. Kinachomtisha ni utupu. Jaza nafasi hiyo matawi, majani na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, naye atatoka mwenyewe. Ukimpa ficho moja tu, utamlazimisha achague kati ya usalama na joto, na mara nyingi atachagua usalama na kubaki na baridi yake.

Kizimba cha Nasimiyu kilitengenezwa na fundi wa jua kali hapa mjini: plaiwudi, kioo mbele, urefu wa mita 1.8, upana na kimo sentimita 90. Fundi alinicheka. "Bro, huyu ana mita moja. Unamjengea bedsitter?" Nikamwomba apime tena akiwa amenyooka. Nyoka wote hujinyoosha wakipata nafasi, na kipimo ninachokishika ni kwamba kizimba kisiwe kifupi kuliko nyoka aliyenyooka. Varnishi niliiacha ikauke wiki tatu mlango ukiwa wazi, mpaka harufu ikaisha. Kufuli ni lazima. Boa husukuma mlango kwa pua kwa saa nzima bila kuchoka, na mwanya wa kidole unamtosha mdogo kupita.

"Maranda ni maranda"

Usiende kuomba maranda kwa seremala bila kuuliza ni ya mti gani. Ya mwerezi wetu, mtarakwa, hunukia vizuri puani mwetu, lakini mafuta yanayoleta ile harufu huwasha njia ya hewa ya nyoka. Mimi hutumia unga wa makumbi ya nazi, ule unaouzwa kwa matofali makavu kwa wenye greenhouse za nyanya na mashamba ya maua ya Naivasha. Unaloweka, unavimba, unashika unyevu. Juu yake natandaza majani makavu.

Unyevu ni muhimu kwa sababu hita hukausha hewa, na Januari na Februari Nakuru hukauka bila hata hita. Nalenga asilimia 60 hivi. Nyoka akikaribia kuvua gamba, macho yake huwa na ukungu wa bluu. Hapo naweka beseni la plastiki lililopinduliwa, lenye mlango uliokatwa na makumbi yaliyolowa ndani. Gamba likitoka nalipeleka dirishani nikalitazame dhidi ya mwanga. Linapaswa kuwa kipande kimoja kutoka puani hadi ncha ya mkia, na kichwani kuwe na vioo viwili vidogo vya mviringo, ngozi ya macho. Vikikosekana, vimebaki kwenye macho ya nyoka, na usijaribu kuvibandua kwa kucha.

"Nyoka hahitaji kuchangamshwa"

Huwa naumia kusikia hili, hasa kwa mtu mwenye nyoka. Boa mchanga porini hupanda miti, huvizia, huogelea, hunusa kila kitu kwa ulimi. Ule ulimi uliogawanyika huokota harufu na kuipeleka kwenye kiungo kilicho katika paa la kinywa. Kumweka mbele ya ukuta mweupe na bakuli la maji ni sawa na kumfunga macho.

Si lazima utumie fedha. Matawi ya mpera ni magumu, laini kwa gome na yana panda nyingi. Nayafunga kwa skrubu, kwa sababu tawi linaloegemezwa tu litamwangukia. Kila wiki mbili tatu nahamisha tawi moja, sio yote, ili abaki na njia anazozijua. Beseni la maji ni kubwa la kumtosha kuingia mwili wote. Mara moja kwa mwezi namletea majani makavu kutoka kwa sungura wetu, yakiwa yamekaa kwenye friza kwanza ili kuua utitiri.

Mara ya kwanza nilipomwekea majani hayo ilikuwa jioni, saa kumi na mbili na nusu. Alitoa kichwa kwenye ficho, ulimi ukaanza: polepole, kisha haraka. Akashuka, akapitisha kidevu juu ya majani kipande kwa kipande, akapotea chini yake, akatokea upande wa pili na jani moja limemkalia kichwani. Zoezi hilo lilimchukua dakika arobaini. Sikumpa chakula usiku ule. Ilikuwa ni kunusa tu.

Kuhusu kulisha, kwa ufupi

Panya hai si lazima, na ni hatari: panya akiogopa huuma, na nimeona nyoka aliyepoteza jicho. Aliyegandishwa, akayeyushwa na kupashwa joto, hutosha. Kumhamishia kwenye ndoo ili ale nje ya kizimba, eti asiwe mkali, hakuna faida. Humsumbua tu na huweza kumfanya atapike. Akishakula, mwache siku mbili kamili bila kumshika. Wala usimlishe kila anapoonekana na njaa. Boa daima huonekana na njaa.

"Akizidi ukubwa, mwachilie porini"

Kijana mmoja aliniuliza kama angeweza kumwacha wake msituni Menengai, "ajitafutie." Baridi ya huko ingeweza kumuua taratibu. Na asipokufa, hali ni mbaya zaidi: kisiwa cha Aruba na kile cha Cozumel, Meksiko, vina boa walioletwa na watu, wakazaana, na sasa ndege na wanyama wadogo wa huko wanaliwa na mwindaji wasiyemjua. Nilimwambia aende KWS na kwa mtu aliyempa nyoka, kabla nyoka hajapita mita mbili.

Boa hukaa nawe muda mrefu. Miaka 20 ni kawaida, na mmoja aliyeitwa Popeye katika bustani ya wanyama ya Philadelphia, Marekani, alikufa mwaka 1977 akiwa na zaidi ya miaka 40. Nasimiyu huenda akanipita kazini. Kwa hiyo kila kitu nakiandika kwenye daftari linaloning'inia kando ya mlango: joto la pande zote mbili asubuhi na jioni, tarehe ya mlo, uzito, gamba limetokaje. Ukurasa wa kwanza ni wa ile asubuhi ya Julai, nyuzi 14 upande wa joto.