Mteja Akiuliza Mtandaoni, Nani Anamjibu?

Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ililipuka nchini Iceland, na wingu la majivu likafunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa. Abiria walikwama viwanjani na simu za mashirika ya ndege zikazidiwa. Wateja wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakahamishia maswali yao Facebook na Twitter, na shirika hilo likakusanya wafanyakazi wa idara mbalimbali wakae kuwajibu, mmoja mmoja. Anga ilipofunguliwa, kazi hiyo haikuachwa. Iliingizwa katika huduma kwa wateja ya kila siku.

Naanza na mfano huu kwa sababu wafanyabiashara wanaokuja kwetu kutaka ushauri huuliza zaidi kuhusu kuposti: mara ngapi, saa ngapi, picha au video. Wachache huuliza kuhusu kujibu. Matokeo yake unakuta ukurasa wenye picha mpya kila asubuhi, huku chini yake maswali ya wiki iliyopita yamelala. Ni sawa na muuzaji aliyebandika tangazo mlangoni kisha akajifungia ndani.

Mitandao yenyewe hupima chapisho kwa jinsi watu wanavyoliitikia. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki pamoja na yale yanayozua mazungumzo, na ikasema wazi kuwa machapisho ya kurasa za biashara yataonekana kwa uchache zaidi. Ndiyo maana idadi ya wafuasi si idadi ya wanaokuona. Ukurasa wa watu mia tano wanaouliza, wanaobisha na wanaotuma picha za walichonunua una nguvu kuliko wa maelfu walio kimya. Kununua wafuasi, basi, ni kutupa fedha: wafuasi bandia hawaulizi wala hawanunui.

Kuna desturi moja ningependa ife: “bei njoo inboksi”. Najua sababu zinazotolewa. Washindani wasione, bei hubadilika, au muuzaji anataka nafasi ya kumshawishi mnunuzi. Lakini mnunuzi anayelinganisha wauzaji watano hana subira ya kubisha hodi kwa kila mmoja. Atakwenda kwa aliyeandika bei. Kama bei inategemea ukubwa au idadi, taja ya kuanzia. Kinachopaswa kwenda inboksi ni namba ya simu ya mteja, anwani yake, namba ya oda na taarifa za malipo. Hivyo kamwe visiandikwe kwenye maoni, na mteja akiviandika mwenyewe, mwombe avifute.

Kwa mazungumzo hayo ya faragha, programu ya WhatsApp Business, iliyotoka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, ina vifaa ambavyo wengi hawavigusi: orodha ya bidhaa yenye picha na bei, majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, ujumbe wa kumwambia mteja utarudi saa ngapi, na lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri mzigo. Ukituma ujumbe kwa orodha ya watu wengi, huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Hilo lina busara yake, kwani anayetaka habari zako atakuhifadhi. Kumwingiza mtu kwenye kundi bila kumuuliza ni njia ya haraka ya kublokiwa.

Malalamiko ndiyo yanayowatisha wengi, na hapo ndipo mkono huwahi kufuta. Usifute. Aliyelalamika huenda ameshapiga picha ya skrini, na ukimfuta atarudi na hasira mbili. Matusi na vitisho ni jambo jingine, hayo yaondoe. Lakini aliyesema mzigo umechelewa ajibiwe palepale, hadharani, kwa maneno ya mtu na si ya mashine: “Pole sana. Mzigo wako ulibaki ghalani kwa kosa letu, utaupata kesho kabla ya saa sita mchana. Nitumie namba ya oda inboksi nifuatilie.” Jibu la “tunathamini maoni yako”, likinakiliwa kwa kila mtu, huchochea moto. Tatizo likiisha, rudi kwenye maoni yaleyale uandike kwamba limeisha. Hatua hii husahauliwa sana, ilhali wasomaji wengi wa jibu lako si mlalamikaji. Ni wanunuzi wengine wanaotazama jinsi unavyotenda mambo yanapoharibika. Ahadi ambayo huna hakika nayo usiitoe, hata ukibanwa.

Kuhusu mtandao gani, anza na mmoja au miwili ambako wateja wako wapo tayari, na teua mtu mwenye jina na saa za kujibu. Ukimlipa mtu mashuhuri akutangazie, iandikwe kwamba ni tangazo la kulipiwa. Na unapopima kazi, hesabu maswali yaliyojibiwa na oda zilizotokana nayo kabla ya kuhesabu laiki.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa pamoja duniani kote kwa takriban saa sita. Biashara ambazo wateja wao wote walikuwa humo zilibaki bila pa kuzungumzia. Tunza mawasiliano ya wateja, kwa ridhaa yao, mahali pengine pia. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai msimbo wa ziada baada ya nywila. Ukurasa uwe na wasimamizi wawili walau, mmoja wao mwenye biashara, na usifunguliwe kwa namba binafsi ya kijana wa masoko. Siku anapoacha kazi, mwondoe kwenye usimamizi siku hiyohiyo na ubadilishe nywila.