Umeme kutoka kwenye joto kali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kitu kikipashwa moto hadi king'ae, mionzi yake inaweza kuangukia seli kama zile za paneli za jua, ambazo nyingi ni za silikoni, nazo zikaigeuza kuwa umeme. Baadhi ya vifaa vya namna hii hutumia oksaidi za madini adimu, kama erbiamu na iterbiamu, kutoa mionzi hiyo.

"Kwa joto hili la Dar, tungewasha mji mzima."

Hapana. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, hata bati la paa Mbagala saa saba mchana. Lakini bati likifika nyuzi 60, mionzi yake mingi huwa na urefu wa wimbi wa karibu mikrometa 8.7, na seli ya silikoni haipokei chochote kinachozidi mikrometa 1.1. Hapa tunahitaji nyuzi 1,000 na zaidi, joto kama la ndani ya tanuri la saruji pale Wazo, ambako malighafi hufikia nyuzi 1,450 hivi.

"Madini adimu huongeza nishati."

Hapa wengi hupotea, nami naona ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe. Katika joto lilelile, hakuna kitu kinachotoa mionzi ya joto kupita kitu cheusi kabisa, yaani kinachofyonza mionzi yote inayokifikia. Mwanafizikia Mjerumani Gustav Kirchhoff alilionyesha hilo karne ya 19. Sifa ya madini haya ni kile yanachokizuia. Kitu cheusi kikipashwa hadi nyuzi 1,200, zaidi ya asilimia 95 ya nishati inayotoka ni mionzi mirefu mno kwa silikoni. Ikiifikia seli, huipasha moto bure, na seli yenye moto hutoa umeme kidogo. Oksaidi ya iterbiamu hutoa mionzi yake kwa wingi karibu na mikrometa 0.98, mahali silikoni inapoipokea vizuri. Ya erbiamu hutoa karibu na 1.5, inayofaa seli za galiamu antimonaidi, ambazo hupokea mionzi mirefu kuliko silikoni.

Kwa nini huchagua hivyo? Elektroni zinazohusika, za ganda la ndani liitwalo 4f, zimekingwa na maganda ya nje ya 5s na 5p, hivyo atomu jirani haziziyumbishi sana hata ndani ya kitu kigumu, na mionzi yake hubaki karibu na urefu wa wimbi uleule.

Waliokulia na karabai wameshamwona ndugu wa karibu wa jambo hili. Kile kifuko cheupe, uvumbuzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, kilitengenezwa kwa oksaidi ya thoriamu asilimia 99 na ya seriamu asilimia 1. Kiling'aa sana kwa kuwa kilitoa mionzi michache ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho. (Seriamu hufanya kazi kwa njia tofauti na erbiamu, ila faida ni ileile.)

"Rekodi ya asilimia 40 ya mwaka 2022 ni ya madini haya."

Si kweli. Katika rekodi hiyo ya kugeuza joto kuwa umeme, watafiti wa chuo kikuu cha MIT na maabara ya nishati ya NREL, Marekani, walitumia tungsteni yenye joto la hadi nyuzi 2,400 na kioo nyuma ya seli kilichorudisha mionzi isiyofaa.

"Ni adimu, kwa hiyo hayapatikani."

Seriamu, mojawapo ya madini haya, katika ganda la dunia inakaribiana na shaba kwa wingi. Tanzania ina hifadhi ya madini adimu ya Ngualla, mkoani Songwe, lakini tusidanganyane: utajiri wa pale ni neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku, siyo erbiamu wala iterbiamu.