Mhimili wa utumbo na ubongo, na nafasi yake katika unene uliokithiri

Mhimili wa utumbo na ubongo ni jina la mawasiliano ya pande mbili kati ya utumbo na ubongo, yanayopita katika neva ya vagasi (neva ndefu inayoviunganisha viungo hivyo viwili), homoni na chembe za kinga zilizomo kwenye damu. Bakteria wa utumbo mpana nao wamo katika mawasiliano hayo, na chakula huchangia sana kuamua ni wepi kati yao watakaostawi.

Tuchukue sahani ya kande. Sehemu kubwa ya wanga humeng'enywa katika utumbo mwembamba, lakini nyuzinyuzi za maganda ya mahindi na maharage hufika utumbo mpana bila kumeng'enywa, na huko bakteria huzichachua na kutoa asidi fupi za mafuta, ikiwemo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Asidi hizo huchochea pia kutolewa kwa homoni za shibe kama GLP-1, ile ile inayoigwa na baadhi ya sindano za kupunguza uzito zinazozungumzwa sana siku hizi.

Mlo wa chipsi, soda na unga uliokobolewa huwanyima bakteria hao riziki. Ute unaoukinga ukuta wa utumbo hupungua, na vipande vya magamba ya bakteria, viitwavyo lipopolisakaraidi, hupenya kidogo kidogo hadi kwenye damu, ambako kinga ya mwili huviona kama adui na kuanzisha uvimbe wa chini kwa chini usio na maumivu, yaani kinga kubaki imeamka, si kivimbe kinachoonekana kwa macho. Katika panya waliolishwa mafuta mengi, dalili za uvimbe zimeonekana ndani ya siku chache katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoratibu njaa na shibe, hata kabla hawajanenepa sana. Ndiyo maana naona ni dhuluma kumlaumu mtu mnene kwamba hajui kujizuia, ilhali huenda kiungo chenyewe cha kumwambia ameshiba kimeathirika.

Kwa binadamu, utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine ulihusisha wanaume 77 wenye afya njema. Kilichopimwa ni damu, si ubongo: waliotoka kwenye vyakula vya asili na kula mlo wa Kimagharibi kwa wiki mbili viashiria vyao vya uvimbe vilipanda, na vya waliofanya kinyume chake vikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye.