Kwa nini pua huonekana kubwa kwenye selfi?

Umejipiga selfi, ukaitazama, ukashtuka: pua imeujaza uso na masikio yamejificha kama yaliyokatazwa kutoka. Asubuhi kwenye kioo hukuwa hivyo. Wengi huilaumu lenzi ya simu, lakini lenzi inasingiziwa. Mwenye kosa ni mkono wako: ni mfupi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme pua yako imetangulia masikio kwa sentimita 12. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka ncha ya pua, masikio yako umbali wa sentimita 42. Cha karibu huonekana kikubwa, kwa hiyo pua inakuzwa mara 1.4 ukilinganisha na masikio. Sasa mpe mtu simu, asimame mita moja na nusu: pua iko sentimita 150, masikio 162. Tofauti imeshuka hadi asilimia 8, na jicho halihangaiki nayo. Pua ni ileile.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu za namna hii katika jarida la JAMA Facial Plastic Surgery. Walikuta kwamba selfi ya inchi 12, yaani kama sentimita 30, huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30. Hofu yao ilikuwa watu wanaokwenda kwa madaktari wa upasuaji wakitaka pua ipunguzwe, ushahidi wao ukiwa selfi.

Umbali huo ndio ulioipa sifa lenzi ya milimita 85, inayovuta karibu na kupendwa kwa picha za uso. Humlazimisha mpiga picha kurudi nyuma ili kichwa na mabega viingie. Simama palepale upige kwa lenzi pana, inayochukua eneo kubwa, kisha ukate picha ubakishe uso: uwiano wa pua na masikio hautabadilika, utapoteza ukali wa picha tu.

Kamera ikishuka, kanuni ni hiyohiyo. Kidevu ndicho kinachokuwa karibu, taya hunenepa, na matundu ya pua huwatazama watu. Ipandishe kidogo juu ya macho, kidevu kitarudi nyuma. Ukizidisha, miguu itakuwa ya mwanasesere.

Kuna na ujanja wa kobe: sukuma uso mbele kidogo, kisha shusha kidevu. Anayekuona kwa pembeni atacheka, ila kwa mbele ngozi ya chini ya kidevu huvutika na taya hujichora vizuri.

Na kama huna wa kukupiga, egemeza simu mahali, itege ihesabu sekunde 10, urudi nyuma hatua mbili.