Je, wajua kwa nini Uingereza ilimlinda mbwa kama mali kuliko kama kiumbe?

Usiku mmoja wa Oktoba 2016, mjini Stevenage, kaskazini mwa London, mbwa wa polisi aitwaye Finn alimkamata kijana aliyekuwa akiwakimbia askari. Kijana akachomoa kisu kirefu, akamchoma kifuani, kisha kichwani. Finn hakumwachia. Madaktari wa mifugo walimfanyia upasuaji wa saa nne, na wiki 11 baadaye akarudi kazini.

Kesi ilipofika mahakamani, shtaka la kumjeruhi Finn liliitwa uharibifu wa mali. Ndilo jina lile lile la kosa la kuvunja dirisha au kuchuna rangi ya gari la jirani. Watu wengi waliumizwa na jina hilo, nami najiunga nao. Lakini sheria ilikuwa na hesabu zake: kuharibu mali ya mtu kulikuwa na kifungo cha hadi miaka 10, ilhali kumtesa mnyama kulikuwa na kisichozidi miezi 6. Finn alithaminiwa zaidi kama kifaa cha serikali kuliko kama kiumbe anayesikia maumivu.

Na hata ngao hiyo ya mali humfaa mnyama pale tu anapoumizwa na mtu baki. Wanyama wengi huteswa na mwenye nyumba wanamoishi. Mtu akimvunja miguu mbwa wake mwenyewe, ameharibu mali ya nani?

Sasa, miezi 6 ilitoka wapi? Si kwamba kuna mtu aliyepima maumivu ya mbwa akaona nusu mwaka inatosha. Ukatili kwa wanyama ulikuwa kosa la kusikilizwa katika mahakama za chini peke yake, ambako mahakimu wengi ni raia wanaojitolea, na wakati huo kosa moja huko halikuweza kuzidi miezi 6. Ulikuwa ukomo wa mahakama, haukuhusu uzito wa jambo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 iliandika wiki 51, ila kifungu cha sheria nyingine kilichopaswa kuanza kutumika kwanza hakikuanza. Wiki 51 zikabaki kwenye karatasi.

Hata miezi hiyo 6 haikuwa 6. Mshtakiwa akikiri kosa mapema hupunguziwa theluthi: inabaki 4. Wa kifungo kifupi namna hiyo wakati huo aliachiwa nusu ya njia: inabaki 2. Hakimu aliyeletewa kesi mbaya kuliko zote alizowahi kuziona hakuwa na zaidi ya hapo, na wapo waliosema waziwazi mahakamani kwamba wangetoa zaidi kama wangeruhusiwa.

Jambo hili linachoma zaidi ukikumbuka kwamba Uingereza ilitangulia. Mwaka 1822 mbunge wa Galway, Richard Martin, alipitisha sheria ya kuwalinda ng'ombe, farasi, punda na kondoo. Faini ilikuwa kuanzia shilingi 10 hadi pauni 5, na asiyelipa alifungwa hadi miezi 3. Inasimuliwa kwamba Martin alimwingiza punda mahakamani ili hakimu ayaone majeraha kwa macho yake. Yeyote aliyemwona punda mwenye kidonda cha tandiko akiongezewa gunia anaelewa kwa nini maneno matupu hayakumtosha. Mbwa hawakuwamo katika sheria hiyo. Walisubiri hadi 1835.

Baada ya Finn, sheria ya 2019 ilimnyima mtu kisingizio cha kujihami anapomjeruhi mnyama wa kazi kama mbwa au farasi wa polisi. Kisha, kwa makosa yaliyotendwa kuanzia tarehe 29 Juni 2021, kifungo cha juu huko England na Wales kikapanda hadi miaka 5, na kesi nzito zikaweza kupelekwa mahakama ya juu zaidi. Ireland Kaskazini ilishafika miaka 5 tangu 2016, na Scotland 2020.

Miaka 5 ni kwa makosa kama kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, kumpa sumu au kumpiganisha. Anayemweka mbwa katika banda chafu, bila kumtimizia mahitaji yake, lakini mateso hayajathibitishwa, ukomo wake bado ni miezi 6 ile ile.