Si kweli kwamba askari magereza akishazoea, msongo humwisha

Mtwara na Lindi utasikia: "Afande akishazoea, moyo huota sugu, hakuna kinachomsumbua tena." Na kwamba ukali wa sauti ndio kinga yake. Yote mawili si kweli, na yanaumiza watu.

Sugu hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mwili uliokaa macho zamu nzima, masikio yakiwa kwenye milango na funguo, hautulii mara tu sare inapovuliwa. Ndiyo maana mtu anafika nyumbani usingizi haumjii, au anawafokea watoto kwa jambo dogo.

Sauti nayo: ukipaza, mfungwa mwenye hasira hupaza zaidi, kwa sababu mbele ya wenzake hataki kuonekana ameshindwa. Ikiwezekana, mtenge na hadhara. Simama hatua mbili mbali naye, ubavu kidogo, viganja vikionekana. Mwite kwa jina. Mwache amalize, rudia alichosema kwa maneno yako, kisha toa agizo moja na umpe muda wa kulitimiza. Kinachoharibu mara nyingi ni askari wawili kuamuru kwa pamoja. Hata Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015), zinazohusu namna ya kuwatendea wafungwa, katika kanuni ya 76, zinataka askari wafundishwe majadiliano na upatanishi.

Baada ya tukio, liandike, lieleze zamu inayoingia, kisha vuta pumzi ukihesabu hadi 4 na kuitoa ukihesabu hadi 6, kwa dakika 5. Usingizi ukisumbua wiki 2 mfululizo, nenda hospitali: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi.